Msafiri na Sahani: Historia ya Kula Njiani kati ya Masisi na Walikale



Kwetu huku Kashebere, mahali Masisi inapopakana na Walikale, mtu akirudi safari haulizwi kwanza habari za mkutano alioendea wala bei ya bidhaa alizonunua. Anaulizwa: "Njiani mulikula nini? Mulikula kwa nani?" Naye ataeleza kwa urefu. Atasema bugali ya Nyabiondo ilikuwa namna gani, ndizi za Masisi zilikuwa zimeiva au bado, sambaza za Goma zilikaangwa vizuri au zililowa mafuta. Atataja mama anayejua kupima sahani ya mtu mzima, na yule anayeongeza maji ndani ya mchuzi wakati wateja wamekuwa wengi.

Wapo wanaoona maongezi kama hayo ni ya tumbo tu. Sisi tunaona ni sehemu ya historia yetu, tena sehemu ambayo wasomi wetu hawajaiandika sana. Katika kurasa hizi tutaeleza kwamba kwenye njia yetu msafiri amekula kwa namna tatu: chakula cha kupewa, chakula cha kunyang'anya, na chakula cha kununua. Namna hizo tatu zinaonyesha jinsi watu wasiojuana walivyoishi pamoja. Tutaeleza pia kwa nini ile ya tatu, ile ya restora, isidharauliwe na wapenda mila.

1. Chakula cha kupewa

Kabla ya magari, mtu hakusafiri ovyo. Aliyepita katika vijiji vya Wahunde na Wanyanga alikuwa na sababu inayoeleweka: ndoa, msiba, deni la mbuzi, uwindaji, au kumtembelea mjomba. Alipofika alipokelewa na wanaume pale walipozoea kukaa, kuzungumza na kula pamoja chakula kilicholetwa na wanawake kutoka majikoni. Mgeni hakuchagua sahani. Alikula kilichopikwa siku hiyo: ndizi, mboga za majani, nyama ya msituni kama mtego ulishika kitu. Akiwa mgeni wa heshima, alichinjiwa kuku. Kutaka kulipa kungekuwa kumtukana mwenyeji, maana malipo yenyewe yalikuwa zamu: leo umekula kwangu, kesho nitakula kwako.

Waswahili wanasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watoto wa nyumba wanaielewa mithali hiyo haraka kuliko wakubwa, kwa sababu siku ya mgeni ndiyo siku ya kuku. Lakini wanasema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ukarimu ulikuwa na mpaka wake, na mgeni mwenye akili alijua siku ya kuaga bila kuambiwa.

Kulikuwa na desturi nyingine, ambayo bado tunaiona penye pombe ya ndizi, yaani kasiksi. Mwenyeji anaonja kwanza, ndipo anampa mgeni. Wenye haraka hudhani anatamani pombe yake mwenyewe. Sivyo. Anaonyesha kwamba kilicho ndani ya kibuyu hakiui. Katika nchi zetu za Kivu, ambako hofu ya sumu, ile watu wanaita karuho, haijaisha hata leo, kuonja ni neno zito. Ni kusema: kama ni kufa, tutakufa wote wawili.

2. Onyo la Kahindo

Wanyanga wa Walikale wana hadithi kubwa za kuimba na kusimulia zinazoitwa karisi. Inayojulikana zaidi duniani ni ile ya Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliiimba na kuieleza kwa siku kumi na mbili mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake. Mwaka 1969 ilitolewa kuwa kitabu na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Wengi wanaisoma kama hadithi ya shujaa na baba mkatili. Tukiisoma kwa jicho la msafiri, tunakuta mafundisho ya kula ugenini.

Mwindo anamtafuta baba yake Shemwindo, aliyekimbilia chini ya ardhi kwa Muisa. Njiani anakutana na Kahindo, binti wa Muisa, anayeumwa vidonda vya buba. Mwindo hamkimbii, anamsafisha vidonda vyake. Kahindo anampa onyo: ukifika kwa baba yangu utapewa kiti, usikubali, utapewa pombe ya ndizi, usikubali, utapewa bugali, usikubali vilevile. Mwindo anafuata onyo hilo, na hapo Muisa anaona kwamba huyu si mgeni wa kuchezea. Baadaye anampa kazi zisizowezekana, kama ile ya kupanda shamba la ndizi na kulivuna siku hiyo hiyo.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, wazee wetu hawakuwa wajinga kuhusu ukarimu. Walijua kwamba kiti, pombe na bugali vinaweza kuwa mapokezi, vinaweza pia kuwa mtego. La pili, aliyemwokoa msafiri ni mtu anayeijua nyumba, akamwambia mapema: pale usile. Onyo hilo Mwindo hakulinunua. Naye alimtendea mema mtu aliyekuwa anachukiza machoni pa wengine. Hata mwisho wa karisi hiyo, Mwindo akirudi kutoka mbinguni na kuwawekea watu wake sheria, anawaagiza walime vyakula vingi na vya namna nyingi, na wasimcheke mgonjwa au kilema anayepita kijijini. Shibe ya kijiji na heshima ya mpita njia ziko katika orodha moja ya sheria.

3. Mji wa pwani uliopenda kula

Ili tusidhani mambo haya ni ya msitu wetu peke yake, twende mbali kidogo, hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Mogadishu kwa merikebu. Aliandika kuhusu chakula cha mji ule kwa urefu kuliko wengi waliomtangulia: wali uliopikwa kwa samli na kuwekwa kwenye sahani kubwa za mbao, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za kuchachuliwa, tangawizi mbichi na maembe. Akashangaa kwamba mtu mmoja wa pale alikula kiasi cha watu wengi wa kwao, na kwamba walikuwa wanene sana.

Kinachotugusa zaidi ni desturi ya bandari. Merikebu ikikaribia, vijana walitoka na mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimpa sahani mfanyabiashara mmoja na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule alilala kwa mwenyeji huyo, na biashara yake ikapitia mikononi mwake. Aliyekwisha kuzoea mji na kujuana na watu ndiye aliyekuwa huru kushuka popote alipotaka.

Kwa hiyo sahani ile ilikuwa zawadi na ilikuwa biashara kwa wakati mmoja. Anayeshuka leo kwenye parkingi ya Goma, akavutwa mkono na kijana anayemwitia chakula na nyumba ya kulala, anaona kitu kinachofanana na kile Ibn Battuta alikiona karibu miaka 700 iliyopita. Tofauti ni kwamba huku sahani haitangulii. Linatangulia neno la kijana, na mwenye kujua mji anacheka tu na kupita.

4. Chakula cha kunyang'anya

Wabelgiji walipotawala, walileta msafiri wa namna nyingine. Huyu hakuwa mjomba wala mkwe. Alikuja na askari, wabebaji na karatasi. Katika Kongo yote vijiji vilitakiwa kutoa wabebaji na chakula kwa ajili ya wakubwa waliopita, na kando ya njia zilijengwa nyumba za kuwalaza, zile zilizoitwa jiti. Ndizi na kuku vilitoka kijijini, lakini si kwa zamu wala kwa heshima. Mwenyeji hakumjua mgeni, na mgeni hakuona sababu ya kumjua mwenyeji.

Tabia hiyo haikuondoka na uhuru wa mwaka 1960. Tangu vita vya miaka ya 1990, watu wa njia yetu wameona watu wenye silaha wa vikundi vingi wakiingia kijijini na kuuliza mbuzi yuko wapi. Kama zamani, chakula kinapikwa na mama na kuliwa na mpita njia. Kinachokosekana ni ile kauli ya kurudisha: hakuna zamu, hakuna malipo, hakuna asante. Aliyekula hivyo hasimulii popote kwamba kwa mama fulani kuna bugali nzuri. Na mama naye akisikia hatua za watu usiku anazima moto.

5. Restora

Pamoja na barabara ya magari yalikuja masoko makubwa, mashamba ya Wazungu katika milima ya Masisi, makamiyo, na watu wengi wasio na ndugu pale walipolala. Shofere wa Goma angelala Masisi kwa nani? Mwalimu aliyetumwa mbali na kwao angekula wapi? Hapo wamama waliona nafasi. Sufuria mbili, mabenchi, turubai au mabati, na chakula kikaanza kuuzwa.

Neno lenyewe lina hadithi yake. Kule Paris katika karne ya 18, restaurant lilikuwa jina la mchuzi wa nyama wa kurudisha nguvu za mtu aliyechoka. Baadaye likawa jina la nyumba inayouza mchuzi huo. Sisi tukalipokea kwa Kifaransa na kusema restora. Katika vitabu vya Kiswahili imeandikwa mgahawa, neno lililotokana na kahawa. Kenya wanasema hoteli hata pasipo na kitanda, Tanzania wanasema kwa mama ntilie, na Kinshasa wanasema malewa. Kwa aliyepanda milima kutoka Sake hadi Mushaki na mzigo mgongoni, ile maana ya kwanza ya Paris, kurudisha nguvu, ndiyo inamfaa kabisa.

Ndani ya restora mgeni hana mjomba wa kumshuhudia, na mama hana zamu ya kungojea. Nani anawahakikishia kwamba wanaweza kuaminiana? Ni maneno ya wasafiri wenyewe. Mashofere ndio walikuwa walimu wa kwanza, na leo wamotari wamechukua kazi hiyo. Wanapita kila juma, wanakula kila mahali, na wakiumwa tumbo wanajua ni wapi. Ndiyo maana mgeni anaangalia makamiyo na pikipiki zimesimama kwa nani. Hata Ufaransa ilikuwa hivyo: mwaka 1900 kampuni ya mipira ya magari, Michelin, ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari njiani, na mwaka 1926 ikaanza kuweka alama ya nyota kwenye nyumba zinazopika vizuri. Sisi nyota yetu haikuandikwa, lakini ipo midomoni mwa watu.

Tukisikiliza maongezi hayo kwa makini, tunakuta mizani yake ni ile ya zamani. Watu wanasifu bugali ya moto, mboga isiyo na mchanga, na maji ya kunawa yanayoletwa kabla ya kuulizwa. Wanasifu mama anayemwongezea kidogo mtu mwenye njaa bila kudai franga ya nyongeza. Wanalaumu anayeuliza pesa kabla ya kusalimu. Wanasema pia kama mama mwenyewe anakula chakula chake mbele za watu, yaani anaonja. Mila ya mwenyeji imeingia ndani ya biashara, nayo biashara imeihifadhi.

6. Kila sahani ina safari yake

Maongezi ya wasafiri yanatufundisha pia kwamba chakula chenyewe ni mgeni. Ndizi tunayoiita ya wazee ilitoka Asia, ikafika kwetu zamani sana. Muhogo, mahindi, maharagi na viazi asili yake ni Amerika. Sombe tunayosema ni mboga yetu ya damu ni majani ya muhogo huo huo. Sambaza, ambazo kila anayerudi kutoka Goma lazima azitaje, si samaki wa Ziwa Kivu wa tangu zamani: walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wanaingia ziwani usiku na taa ili kuwavuta. Fromaji ya Masisi, ile ya mviringo ambayo mjini wanaiita fromaji ya Goma, ilianza kwa mafundisho ya Wazungu katika malisho ya milima yetu, na sasa inabebwa hadi Kinshasa kama zawadi.

Hata majina yanaonyesha mwendo wa watu. Ukishuka kutoka kwetu hadi Goma na kuvuka kwenda Bukavu utasikia bugali, bukari, fufu, na wote wanakunja mkono ule ule kuchovya mboga ile ile. Anayetaka kumfukuza jirani yake kwa sababu ya asili yake, na aangalie kwanza sahani yake. Akitoa kila kilichotoka mbali, atabaki na nini cha kula?

7. Soko linapokufa

Tunasema hivyo kwa sababu njia yetu ina jeraha. Mwezi wa tatu 1993, kwenye soko la Ntoto, ndani ya Walikale, watu waliokuja kuuza na kununua waliuawa. Walikuwa Wahutu, na waliowaua walikuwa vijana wenye silaha wa Kihunde na Kinyanga. Kulipiza kukafuata, mauaji yakaenea Masisi, na maelfu ya watu wa kila upande walikufa mwaka ule. Mahali pa kwanza kuvunjika palikuwa soko, yaani mahali ambapo watu wa lugha mbalimbali walikuwa wakinunua chakula na kula kwa wapishi wale wale. Baada ya pale kila mtu aliuliza sufuria ni ya nani kabla ya kuuliza ndani kuna nini.

Lakini njaa na biashara huwarudisha watu pamoja. Katika miaka ya 2000, madini ya kasiterite ya Bisie yalivuta watu wengi Walikale. Wabebaji walitembea msituni siku mbili hadi Njingala na magunia mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara pale Kilambo. Vibanda vya chakula vilifuata njia hiyo. Bei ilikuwa ya kuumiza na vitu vingi vililetwa kwa ndege. Hata hivyo, ndani ya vibanda hivyo watu waliotoka pande zilizopigana walikaa tena benchi moja. Hatusemi bugali ilileta amani, maana madini hayo hayo yalilisha vita. Tunasema tu kwamba watu walianza tena kuulizana: kwa nani wanapika vizuri?

Tumeona pia jinsi mambo yanavyoweza kurudi nyuma. Mwezi wa kwanza 2025 vita vya M23 vilifika Masisi mjini, Sake, kisha Goma yenyewe. Mwezi wa tatu vikafika Walikale mjini, na mwezi wa nne wapiganaji hao wakaondoka pale. Barabara ikikatwa, shofere hapiti, na shofere asipopita mama anafunga. Mji wa Goma wenyewe unapenda kula: ulichomwa na lava mwezi wa kwanza 2002, na watu wakajenga vibanda na kuwasha makala juu ya mawe yale yale. Lakini hata Goma inaishi kwa maharagi, viazi, ndizi na maziwa yanayotoka milimani kwetu. Mlima ukikosa amani, mjini bei inapanda.

8. Neno la mwisho

Kutokana na hayo tunawaomba wanachama na wasomaji wetu mambo matatu.

Kwanza, tusiseme kwamba restora imeua mila ya kumkaribisha mgeni. Mila hiyo iliumizwa na chakula cha kunyang'anya. Restora imemfundisha mgeni kulipa, ikamfundisha mama kumtunza mtu asiyemjua, wa kabila lolote. Huko si kupotea kwa desturi.

Pili, anayekula kwa mama alipe, awe ameshika kalamu, fimbo au bunduki. Deni la sahani linaonekana dogo, lakini ndilo linalozima moto wa jikoni kimya kimya.

Tatu, tuandike. Wazee wanaokumbuka makamiyo ya kwanza, mashofere walioacha kazi, na wamama waliopika Masisi, Nyabiondo, Kashebere na Walikale bado wapo kati yetu. Tuwaulize ni nani alianza kuuza chakula mahali petu, alipika nini, aliuza bei gani, na siku gani alifunga kwa sababu ya vita. Majibu yao yakiwekwa pamoja, tutapata historia ya barabara hii ambayo haimo katika ripoti za wakubwa.

Nawe ndugu msomaji, ukitoka safari tena, wasimulie watoto yote: mulikula wapi, kwa nani, na kama alionja kwanza. Watoto hao ndio watakaojua kesho ni mlango gani wa kubisha hodi.